Bendi 7.0 ilikataliwa, 6.5 ikapita: kisa cha dada mmoja wa Mbeya na IELTS ya Masters

Kisa hiki ni cha mwaka 2024, mhusika mwenyewe kanikubalia nikiandike ila jina lake nimeliacha, la chuo nimeliacha na la skolashipu pia, maana hayaongezi kitu kwenye tunachotaka kukiangalia. Ni mtaalamu wa maabara, mwajiriwa wa halmashauri mkoani Mbeya, digrii ya kwanza kaimaliza 2016 hapahapa Bongo, na alikuwa ameshashika ofa ya Masters ya afya ya jamii kwenye chuo kimoja cha Uingereza. Ila ilikuwa ofa ya masharti. Sharti lililobaki ni moja tu, Kiingereza: IELTS Academic, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza ambao alama zake zinaitwa bendi, wastani usiopungua 6.5, na isiwepo sehemu hata moja iliyo chini ya 6.0. Skolashipu nayo ilimwambia ofa isiyo na masharti iwe imefika kabla ya katikati ya Julai, isipofika nafasi inaenda kwa mtu wa akiba.

Akapanda basi mpaka Dar, akafanya mtihani mwezi Mei. Matokeo yakaja hivi: kusikiliza 7.5, kusoma 7.0, kuandika 5.5, kuongea 7.5. Wastani 7.0.

Akaweka status, watu wakampongeza, kazini wakamwambia alete soda. Siku chache mbele admisheni wakajibu kwa imeili ya mistari mitatu kwamba asante kwa cheti, kwa bahati mbaya sharti halijatimia. Ndo akanipigia, na swali lake la kwanza lilikuwa la haki kabisa: wao walitaka 6.5, mimi nimepata 7.0, sasa halijatimia nini?

Hesabu ya IELTS iko hivi. Sehemu nne zinajumlishwa zinagawanywa kwa nne, halafu inapelekwa kwenye nusu iliyo karibu. Yeye ana 27.5, ukigawa kwa nne ni 6.875, inapanda inakuwa 7.0. Kwa hiyo namba kubwa iliyo pembeni ya cheti ambayo kila mtu anaikimbilia kwa macho ni wastani tu, na wastani unaficha. Kusikiliza na kuongea vilimbeba mpaka juu huku kuandika kumebaki nyuma kwa bendi mbili nzima. Na kwenye barua ya ofa ile sentensi ya "isiwepo sehemu chini ya 6.0" ndiyo iliyokuwa na meno, ile ya wastani haikuwa na shida naye tangu mwanzo. Nimeona barua nyingi za namna hii na karibu zote mtu anasoma nusu ya kwanza ya sentensi anaacha ya pili.

Kabla hajanipigia alikuwa ameshaongea na ajenti mmoja wa mambo ya vyuo, na huyo bwana akamwambia tatizo ni aina ya mtihani, eti alitakiwa afanye IELTS for UKVI, yaani ile ya idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza, bila hiyo viza hapati, alipe hela ya kubukiwa upya na ya huduma juu yake. Hapa ndo nikasema tusimame kidogo, maana watu wanachanganya milango mitatu wanadhani ni mmoja. Kuna chuo, kuna viza, kuna mfadhili, na kila mmoja ana kipimo chake.

Mlango wa viza kwa kozi ya ngazi ya digrii Uingereza unataka kiwango cha B2, ngazi ya juu kidogo ya kati kwenye vipimo vya lugha vya Ulaya, kwenye kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea. Kwa IELTS, B2 ni 5.5 kila sehemu. Sasa angalia cheti chake tena: sehemu ya chini kabisa ni 5.5. Yaani kwa viza alikuwa ameshapita! Na zaidi ya hapo, vyuo vikuu vya kule vyenye rekodi nzuri ya kufuata sheria za uhamiaji vinaruhusiwa kupima vyenyewe Kiingereza cha mwanafunzi wa digrii, ndiyo maana vinapokea IELTS Academic ya kawaida na mitihani mingine ambayo haimo kwenye orodha ya serikali ya mitihani ya viza. Hiyo UKVI ni mtihani uleule, maswali ya aina ileile, tofauti ni ulinzi wa kituo na usajili, inahitajika kwenye mazingira fulani, mfano vyuo vingi vinaitaka kama unaenda kwanza presesheno, yaani kozi ya Kiingereza kabla ya masomo yenyewe. Kwake yeye haikuhitajika. Mfadhili naye hakuwa na sharti lake la Kiingereza, alitaka tu barua ya chuo. Kwa hiyo aliyekuwa amefunga mlango ni chuo peke yake, na alikuwa amefunga kwa sababu ya nusu bendi kwenye sehemu moja.

Ukiuliza kwa nini Waingereza wana ukali wote huu wa orodha na vituo maalum, sehemu ya jibu ipo 2014. BBC Panorama walirusha kipindi kikionyesha vituo vya TOEIC, mtihani mwingine wa Kiingereza, huko London ambako mtu mwingine anakufanyia mtihani wewe umesimama pembeni, au msimamizi anawasomea majibu darasa zima. Serikali ikafuta viza za maelfu ya wanafunzi, na wengi wao wakasema hawakudanganya, kesi zikaenda miaka. Tangu hapo mtihani wa lugha kule umekuwa pia jambo la usalama, haubaki kuwa jambo la lugha tu.

Halafu kuna lile la orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi mtihani wa Kiingereza. Ukiwa raia wa Jamaica, Guyana, Malta au Trinidad hawakuulizi, uraia wako unatosha. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo, na Nigeria na Ghana hazimo vilevile, japo Wanigeria walipiga sana kelele na petisheni kuanzia 2021 hivi. Hoja ya serikali ya kule ni kwamba orodha inaangalia nchi ambazo zaidi ya nusu ya watu Kiingereza ni lugha yao ya kwanza. Kwa kipimo hicho sisi hata tusijisumbue kubisha, Kiswahili chetu ndo kinatuhukumu na mimi binafsi sina kinyongo nacho.

Njia ya barua ya lugha ya kufundishia tuliijaribu kwanza kwa sababu ni rahisi. Yaani chuo chako cha digrii ya kwanza kinakuandikia kwamba huyu alisoma kwetu na masomo yote yalifundishwa kwa Kiingereza. Ofisi ya msajili ilimtolea haraka tu, hapo sina lawama. Lakini chuo cha Uingereza kikasema barua hiyo kinaipokea kama digrii haijazidi miaka mitano, yake ina minane. Chuo kingine alichokuwa amekiaplai kilikuwa na kikomo cha miaka miwili. Wenzetu Wakenya wana ahueni kidogo, baadhi ya vyuo vinakubali gredi nzuri ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, na Afrika Magharibi kuna WASSCE ya kwao inayokubalika hivyohivyo. Mtanzania lazima aingie kwenye ukurasa wa nchi yake kwenye tovuti ya chuo asome mstari kwa mstari, chuo kwa chuo, asisikilize ya kwenye magrupu maana mtu anakwambia "mimi nilienda na barua tu" hakwambii alienda wapi wala mwaka gani.

Barua ikafeli. Ikabaki kuangalia cheti chenyewe kinaokolewaje, na muda wa mezani ulikuwa kama wiki sita.

Kuomba kusahihishiwa upya inawezekana, una wiki 6, unalipa, bendi ikipanda hela inarudi. Ila majibu yanaweza kuchukua mpaka siku 21, na kitu cha maana zaidi ni kujiuliza kama una sababu ya kuamini kwamba umeonewa. Tutarudi hapo. Njia nyingine ni ile ya One Skill Retake, unarudia sehemu moja tu uliyoshindwa, ndani ya siku 60, nzuri mno, ingemfaa huyu dada utafikiri waliitengeneza kwa ajili yake. Lakini ni kwa waliofanyia kwenye kompyuta tu, na kituo chenyewe kiwe nayo na chuo kiwe kinaikubali. Yeye alichagua karatasi. Kwa nini? Kwa sababu anaogopa kutaipu. Sasa hii ya kuogopa kutaipu naisikia sana na sijawahi kuielewa, mtu anaandika ripoti ofisini kila wiki, anachati usiku kucha, halafu kwenye mtihani wa dola mia mbili na ushee anarudi kwenye penseli na kufuta kwa raba. Wakati huo karatasi matokeo yake yalikuwa yanatoka siku ya 13, kompyuta siku chache tu. Kwenye kuandika kompyuta inakuhesabia maneno na unahamisha aya bila kuchafua kitu. Kama unatumia kompyuta kazini, chagua kompyuta.

Kuna mitihani mingine ya Kiingereza. Duolingo ni rahisi kwa bei na unafanyia nyumbani, vyuo vingi vya Marekani vinaipokea, ila chuo chake hakikuwa nayo kwenye orodha. TOEFL walikuwa wanaipokea, lakini kujifunza muundo mpya wa mtihani wakati shida ni sehemu moja niliona ni kujiongezea mzigo. Presesheno ya wiki za kiangazi kwa kiwango 5.5 yake ingetosha, ila huenda wangemtaka ile UKVI, na ni pauni elfu kadhaa ambazo mfadhili halipi.

Tukabaki na mawili: kuomba kusahihishiwa upya, au kurudia mtihani mzima. Nikamwambia kabla ya kuamua kaa chini uandike upya ile insha kama unavyoikumbuka, usiipambe, nitumie.

Swali lilikuwa la aina ya kawaida kabisa, kama afya ya watu ni jukumu la serikali au la mtu mwenyewe, jadili pande zote utoe na msimamo wako. Alichonitumia kilikuwa na utangulizi, pointi sita, hitimisho. Mtu yeyote aliyepita sekondari za Tanzania anaijua insha hii, ndiyo ile ya Histori ya fomu foo, pointi sita zenye namba vichwani, ukipungukiwa na moja mwalimu anakata maksi. Nilivyoisoma nikajua hajaonewa. Pointi yake ya nne, nikiigeuza kwa Kiswahili, ilikuwa hivi: "Nne, serikali itoe elimu ya afya. Hii ni kwa sababu elimu ni muhimu sana kwa jamii. Kwa mfano watu wakipata elimu watajua mambo mengi kuhusu afya." Basi, akahamia ya tano. Sarufi haina kosa. Hakuna neno lililokaa vibaya. Na hakuna kitu ndani.

Wasahihishaji wa IELTS wanaangalia vitu vinne kwenye kuandika: umejibu swali kwa kiasi gani, mtiririko, msamiati, na sarufi. Kila kimoja kina uzito sawa. Mtanzania akiambiwa ana 5.5 anakimbilia kununua kitabu cha sarufi, wakati kwenye vigezo vyao wenyewe bendi ya 5 kwenye kujibu swali inaelezwa kama mawazo machache ambayo hayajaendelezwa vya kutosha, na kwenye mtiririko wanamkamata mtu anayetumia viunganishi kupita kiasi au kimashine. "Kwanza, pili, tatu, mwisho kabisa" ni kimashine hiyo hata ukiiandika kwa herufi za dhahabu. Halafu msimamo wake aliuweka mstari wa mwisho peke yake, ukisoma katikati hujui anasimama wapi.

Nikamuuliza swali moja: wewe upo maabara ya wilaya, mtu anayekuja kupima sukari huwa anakuja lini? Akajibu hapohapo kwa voice note, kwa Kiingereza chake kizuri tu, kwamba wengi wanakuja kidonda cha mguu kimeshakataa kupona, ukipima unakuta sukari iko juu kwa muda mrefu na mtu mwenyewe hakuwahi kujua, kwa sababu zahanati ya kijijini kwao vipande vya kupimia vimeisha na nauli ya kuja wilayani ni hela ya chakula cha siku mbili. Kwa hiyo kumwambia mtu huyo kwamba afya ni jukumu lake ni kumwambia apime kitu ambacho hana cha kupimia. Nikamwambia hiyo ndiyo aya, iandike hivyohivyo. Ina hoja, ina sababu, ina mfano, na imembana mtu wa upande wa pili. Aya mbili au tatu za namna hiyo zinatosha, maneno 250 yanajaa yenyewe. Pointi sita kwenye maneno 250 ni kama maneno 40 kwa pointi, utaendeleza nini ndani ya maneno 40?

Hapo ndo ninaposema kuongea alipata 7.5 na kuandika 5.5 na ni mtu yuleyule mwenye kichwa kilekile. Kwenye kuongea kuna mtu mbele yako anakuuliza "kwa nini?" dakika 11 mpaka 14, analazimisha uendeleze wazo. Kwenye karatasi hakuna anayekuuliza, ukirudi kwenye mazoea ya shule unarudi peke yako.

Kuandika kuna kazi mbili, grafu halafu insha. Kazi ya kwanza, ile ya grafu, ilikuwa na shida nyingine na hii ni ya kiufundi zaidi. Alieleza kila mwaka na namba yake, mwaka huu asilimia hii, mwaka ule asilimia ile, mpaka mwisho. Hakuandika ile sentensi ya picha kubwa, yaani kwa ujumla nini kilipanda, nini kilishuka, nani alimpita nani. Vigezo vyao vinasema wazi, ukiorodhesha namba bila muhtasari unaoeleweka unakwama kwenye 5 kwa kigezo hicho. Sentensi mbili tu! Na mbaya zaidi grafu aliitumia zaidi ya nusu ya saa moja ya kuandika kwa sababu ndiyo inayoanza, wakati insha, ile kazi ya pili, ndiyo yenye uzito mara mbili. Insha iliandikwa mbiombio, na pointi ya sita alikuwa anaangalia saa.

Tukaacha habari ya kusahihishiwa upya. Akabukiwa mtihani mzima mwishoni mwa Juni, kwenye kompyuta. Hili la mtihani mzima lina hatari yake watu waijue: vyuo kwa kawaida havichanganyi vyeti viwili. Huwezi kuchukua kuongea ya Mei na kuandika ya Juni. Ukipanda kuandika ukashuka kusoma hadi 5.5 umerudi palepale. Kwa hiyo mazoezi yake hatukuyaweka yote kwenye kuandika, kusoma na kusikiliza aliendelea nayo kidogokidogo asije akapoteza mkono. Kuandika alifanya kila jioni akitoka kazini, insha moja au grafu moja, kwa saa iliyowekwa, dakika 20 grafu, 40 insha, ikilia anaacha hata kama sentensi haijaisha. Sheria ilikuwa asianze aya kabla hajajijibu "kwa nini" na "nani umemwona". Za mwanzo zilikuwa mbovu kuliko ile ya mtihani, maana alikuwa anavunja mazoea ya miaka. Alilalamika. Kuna siku alinitumia insha yenye pointi sita tena, akasema nilichoka mikono ikaandika yenyewe.

Matokeo ya Juni: kusikiliza 7.0, kusoma 6.5, kuandika 6.0, kuongea 7.0. Jumla 26.5, ukigawa ni 6.625, inaenda kwenye 6.5. Kwa macho ya status ya WhatsApp ameshuka, sehemu tatu zimeshuka nusu bendi na wastani umeshuka nusu. Kwa macho ya chuo kila kisanduku kimepigwa tiki. Barua isiyo na masharti ilitoka wiki ileile na mfadhili akaipata siku kadhaa kabla ya mwisho. Hii mara ya pili hakuweka status.

Sasa haki iko wapi hapo? Mimi nina maoni mawili ambayo hayakai vizuri pamoja. La kwanza, ni kichekesho kwamba mtu aliyepanda kwa nusu na kushuka kwa nusu tatu anaonekana ameiva. Tofauti ya 5.5 na 6.0 ni ndogo mno kuamua maisha ya mtu, na tafiti nyingi za IELTS na ufaulu wa chuoni zinaonyesha uhusiano upo ila si mkubwa. Hela nayo, mara mbili ada ya mtihani, mara mbili Mbeya kwenda Dar na gesti, kwa mshahara wa halmashauri. Mwenzake wa Trinidad hajatoa hata senti.

La pili, chuo hakikukosea kutazama kuandika peke yake. Masters ya afya ya jamii kule ni kuandika kuanzia wiki ya tatu, na anayesahihisha anataka hoja iliyoendelezwa, hataki orodha. Ile insha ya Mei angeipeleka kama asaimenti ingerudi imejaa maandishi pembeni. Sisi tunamfundisha mtoto kwa Kiswahili miaka saba, tunamhamishia kwenye Kiingereza fomu wani, halafu kwa sababu lugha haijakaa tunampa pointi sita akariri, na hiyo ndiyo insha anayokwenda nayo mpaka digrii. IELTS haikuleta ugonjwa huo. Hata tukihamia Kiswahili kesho sekondari zote, tukibaki na pointi sita tutakuwa tumehamisha pengo tu.

Alisafiri Septemba. Wiki ya kwanza chuo kikawapa kamtihani kafupi ka kuandika, hakana maksi, ni cha kuwapima tu, na waliokuwa karibu na mpaka wakashauriwa wahudhurie darasa la kuandika kitaaluma, bure, mara moja kwa wiki. Aliambiwa aende. Alikwenda mpaka mwanzoni mwa Desemba, halafu asaimenti zikabana akaacha.